Mbolea Nyeupe ya Shemeji

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, nilimchukia, na asije mtu kuniambia marehemu hasemwi. Alikuwa mnyapara kwenye shamba la kahawa la Mzungu, kule chini karibu na barabara ya Arusha. Akipanda kuja kwetu mlimani, kila alichokiona kwangu alikicheka. Alichokicheka zaidi ni ng'ombe.

Ng'ombe mwenyewe hakuwa wetu. Alikuwa wa bibi mmoja jirani, katuwekea tumlishe zizini kama ilivyokuwa desturi: ndama ni wa mwenye ng'ombe, maziwa na samadi ni vya anayekata majani. Na anayekata majani ni nani? Mimi. Samadi niliibeba kwa kikapu, nikairundika kwenye mashina ya migomba, na migomba ikalisha wanangu.

Basi siku moja shemeji akaja na gunia la mbolea ya chumvichumvi, nyeupe kama sukari. Akamwambia kaka yake kwamba watu wenye akili siku hizi hawashiki mavi. Mume wangu, kichwa maji yule, akamrudisha ng'ombe siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa sokoni. Niliporudi nikakuta zizi tupu, na nilipouliza nikajibiwa kwamba sikio halizidi kichwa. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Mbolea mume wangu aliimwaga mwenyewe. Maisha yake yote alijua mbolea ya aina moja tu, ile inayorundikwa shinani mpaka mguu unazama. Na hii akaifanya vivyo hivyo, akaijaza kwenye kila shina na kuikandamiza, tena kiangazi. Nilimwambia angoje mvua, akasema wanawake hatuna dogo. Mvua ya kwanza ilipoiyeyusha, majani yakaungua kingo, kisha yakalala. Mikungu ikasinyaa kabla ya kujaa.

Nikaenda kwa yule bibi, nikamwamkia shikamoo, nikamwomba ng'ombe wake. Alinipokea vizuri tu. Akasema ameshamweka kwa mwingine, na kwao ng'ombe aliyerudishwa bila kosa harudi tena zizi lilelile. Sikumlaumu. Nilimlaumu mume wangu, na majirani wote walisikia.

Watoto walipoanza kulalia uji mwepesi, nikashuka kuomba kibarua kwa Mzungu. Mnyapara si ndiye huyo huyo. Alitupanga wanawake kwenye mistari ya kahawa, akatugawia makopo ya chumvichumvi ileile, akatuonyesha kwa mkono wake: kijiko kimoja, kwa kuzungusha, mbali na shina, na udongo uwe umelowa. Mama mmoja aliposogea karibu na shina alimkaripia kwamba atauunguza mti.

Nikamfuata, kopo langu mkononi.

"Shemeji," nikamwambia, "haya ulimwambia kaka yako?"

Akawatazama wale wanawake wengine kwanza.

"Hakuniuliza," akasema.

Nikamwaga mbolea ya kopo lote kwenye shina la mbuni wa bwana wake, nikaikandamiza kwa kisigino huku ananitazama, kisha nikapanda mlima kurudi kwa wanangu, mikono mitupu.