Mtumbwi Nilioukausha Juani

Siku hiyo haijanitoka, mwanangu. Sijakuzaa bado, niko kidato cha tatu na hata kusalimia watu kanisani naona aibu, lakini haya nakuwekea humu daftarini.

Babu alikuwa amemaliza kuchonga mtumbwi mpya. Siku ya soko shangazi angeupanda kupeleka vyungu soko la Lyulilo, kando ya ziwa. Mti ulikuwa bado mbichi, kwa hiyo Babu aliufunika kwa majani ya migomba, akasema yasiguswe. Mimi, na haraka yangu ya kusaidia, nikayaondoa nikauacha juani kutwa, kama tunavyoanika mpunga. Jioni nikaona ufa kichwani mwa mtumbwi, ncha ya kisu inaingia. Nikausiliba kwa udongo wa vyungu, nikanyamaza.

Siku mbili zikapita. Shangazi hajui kuogelea. Kila akicheka, mimi namwona anazama. Mficha uchi hazai, wanasema wakubwa, basi siku moja kabla ya soko nikaenda kwa Babu nikasema yote.

"Udongo nimeuona tangu juzi," akasema. "Nilikuwa namsubiri mwenyewe aje."

Shangazi, aliyekuwa karibu akisikia, akadakia, "Kumbe mnanichongea jeneza!"

Babu hakunipiga. Alinikalisha.

"Ulidhani mti umelowa kama kanga? Mti una maji yanayokaa tu kwenye matundu yake. Hayo yakitoka, haujali. Yapo mengine yameshikana na nyuzi zenyewe. Hayo yakitoka, nyuzi zinasogeleana, mti unasinyaa. Sasa jua limekausha ngozi, na ya tumboni bado yako njiani. Ngozi inasinyaa, tumbo linakataa. Lazima papasuke."

Nikakumbuka selulosi ya darasani, ndizo nyuzi hizo hizo za mti, niliyoijibu kwenye mtihani nikapata vema bila kuielewa.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," nikasema.

"Ziwani utaujenga wapi? Huu hatuuzibi. Mtumbwi utakunywa maji, uvimbe, ufa ujifunge wenyewe."

Tukaubandua udongo, tukaujaza mtumbwi mawe, tukauzamisha pale maji yanapofika magotini. Shangazi akaacha soko lile, akinung'unika. Siku ya tano tukauinua. Nikapitisha kisu kichwani, hakikuingia. Nikasema "ndaga", asante pekee iliyonitoka, nikaketi mchangani, nikacheka peke yangu. Soko lililofuata shangazi alienda na kurudi, nguo kavu, anaimba.

Kwa hiyo nakuasa, mwanangu. Ukiharibu, sema mapema, aliye hatarini si wewe peke yako. Na ukimwona mtu amenyamaza usimharakishe: cha juu hukauka kwanza, cha ndani kina safari yake. Mimi nilichukua siku mbili, na Babu alinisubiri.

Mungu akupe wazee wa kukusubiri hivyo, na usiku ule wa kwanza baada ya kusema kweli akulaze usingizi mzito kama alionilaza mimi.