Chenso Niliyosema Imepona

Nakumbuka asubuhi moja ya soko la tumbaku kule Urambo, mteuzi, yule anayepanga madaraja ya tumbaku, alipoinamia robota la Baba Mkubwa, akanusa, akakunja uso, akanusa tena. Mwanangu, wewe bado huna hata meno, na nasaha ni kazi ya wenye mvi, nami sina. Nimejiuliza mara nyingi kama nina haki ya kukuandikia haya. Lakini aibu humzeesha mtu kabla ya siku zake, na hii ninayo tangu mwaka niliomaliza chuo.

Nilikuwa nimesomea mitambo. Kazi sikupata, nikashuka stesheni ya Urambo na begi moja, nikakaa kwa Baba Mkubwa, kaka yake babu yako. Alikuwa na chenso, msumeno wa mnyororo wa zamani, ambayo majirani wote waliitumia kukatia kuni za mabani ya kukaushia tumbaku. Ilikuwa inavuja.

"Injinia wetu kaja," aliwaambia watu. "Sasa chenso itapona."

Nilichukua daftari nikaandika sababu kumi na moja zinazoweza kuvujisha mashine, kila moja na mchoro wake. Mzee Bukuru, jirani ambaye wazazi wake walitoka Burundi, na ambaye ndiye aliyeitunza chenso ile miaka yote, akasimama nyuma yangu akitazama michoro.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, injinia. Ifute kwanza, yote, ikauke. Kisha iweke juu ya karatasi nyeupe, ukae, utazame."

"Nitazame nini?"

"Itakuonyesha yenyewe. Penye unyevu wa kwanza ndipo penye ugonjwa. Tone linadondokea kwingine kabisa."

Niliitikia kwa adabu, na moyoni nikasema huyu hajui kabureta ni nini. Kuuliza si ujinga, wazee walisema, lakini mimi niliona kuuliza kungenivua shahada. Kati ya sababu zangu kumi na moja nikachagua iliyo ngumu kuliko zote. Nikafungua kabureta, nikaisafisha, nikaifunga. Siku tatu. Nilipomaliza nikaitazama chenso ikiwa na petroli kidogo tu ndani ya tangi, nikaona haivuji, nikatangaza imepona.

Kesho yake Mzee Bukuru akaazima, akakata kuni zake, akairudisha jioni. Akaiweka chini, kivulini.

"Usiiingize ndani kwanza," aliniambia. "Bado inalia upande wa kifuniko."

Nilisikia, mwanangu. Nataka ujue kwamba nilisikia vizuri. Lakini nilidhani ananitafutia kosa. Alipoondoka nikajaza tangi la petroli hadi mdomoni, ili kesho mtu aikute tayari, nikaibeba hadi stoo na kuilaza juu ya rafu. Chini ya rafu yalikuwa marobota yaliyokwisha kufungwa kwa majafafa, yale magunia ya kufungia tumbaku. Siku iliyofuata jua likachoma bati, petroli ikatanuka, ikatafuta njia.

Mkulima wa kwetu hata sabuni haweki karibu na tumbaku. Jani lile hunywa kila harufu. Mimi niliweka petroli.

Mteuzi aliyasukuma pembeni marobota mawili. "Haya yamekunywa petroli. Siyapokei."

Baba Mkubwa akageuka. "Nani alikuwa wa mwisho kuishika chenso?"

Watu walijua nani aliazima. Macho yote yakamwendea Mzee Bukuru. Yeye akanitazama mimi, kitambo kidogo tu, kama mtu anayekufungulia mlango upite. Sikupita. Nilitazama viatu vyangu.

"Labda ni mimi," akasema. "Mkono wa mzee hutetemeka."

Kuanzia siku ile chenso haikuwekwa tena mikononi mwake. Baba Mkubwa alinikabidhi mimi. "Wewe angalau una elimu," akasema, nami nikaipokea kwa mikono miwili.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Siku ya tano sikuweza tena kula. Nikaifuta chenso ikakauka, nikaiweka juu ya karatasi nyeupe, nikakaa. Haikuchukua muda. Unyevu ulianzia kwenye kifuniko cha petroli, ukateremka ubavuni, ukadondokea chini ya kabureta, pale pale nilipokuwa nimepoteza siku tatu. Pete ya mpira ndani ya kifuniko ilikuwa imepasuka, ufa mwembamba kama unywele.

Nikaenda kwa Mzee Bukuru nikamwambia yote.

"Najua," akasema.

"Mbona hukusema?"

"Mzee akishindana na kijana sokoni, wote wawili wanabaki uchi. Nilikuwa nakungoja." Kisha akaongeza, "Lakini umekosea nyumba. Mimi sikudanganywa. Waambie waliodanganywa."

Siku ya soko iliyofuata nikasimama kwenye ghala la soko, mbele ya watu wale wale. Nikasema marobota niliyaharibu mimi, na kwamba Mzee Bukuru alinionya. Mmoja akacheka, "Kumbe anayevuja ni injinia." Wengine hawakucheka, na hilo lilikuwa zito zaidi. Baba Mkubwa alimpelekea Bukuru chenso siku ile ile, akaibeba mwenyewe. Kwangu alisema neno moja tu tukirudi nyumbani: "Tumbaku italimwa tena. Lakini nimemtazama mwenzangu kama mharibifu kwa siku zote hizi. Hilo nitalifuta kwa nini?"

Swali hilo ninalo hadi leo.

Kwa hiyo, mwanangu, siku utakaporithi mashine kuukuu, kumbuka chenso ina matangi mawili. Oili ya mnyororo ikidondoka kidogo baada ya kazi, hilo ni jasho. Petroli ikidondoka, hilo ni jeraha. Ukiwa na shaka, gusa kwa kidole: petroli hukauka upesi na kuacha baridi, oili hubaki ikiteleza. Futa, weka juu ya cheupe, subiri. Anza na kifuniko, halafu mpira wa kupitishia mafuta, ndipo uende kwenye kabureta. Tangi usilijaze hadi mdomoni, wala usiilaze mashine juu ya chakula au mazao ya mtu.

Na ukiwa wewe ndiye unayevuja, sema mapema, ukiwa bado ufa wa unywele. Sema mahali uongo uliposikika, si pembeni. Usimwache mzee akubebee.

Mungu akupe jicho la kutazama kabla ya ulimi wa kujibu. Akupe majirani kama Bukuru, na akujalie usiwangojeshe kama nilivyomngojesha mimi.