Paka wa Sikujua Asiye na Manyoya

Sikujua alikuwa mkausha ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, katika mtaa wa Waswahili pale Rumonge. Hakujaliwa mtoto. Miaka michache baada ya uhuru paka wake alizaa, na mmoja kati ya watoto akabaki bila manyoya. Alikuwa na mikunjo kama mzee, masikio mapana, na ngozi nyekundu-nyekundu. Idi, fundi cherehani wa nyumba ya pili, alipomwona alicheka mpaka akakaa chini.

"Huyu ni Mzungu! Siku ya uhuru wenzake walipanda meli, yeye alikuwa amelala."

Jina likamshika. Wengine hawakucheka. Walisema ana ukoma, atupwe. Sikujua akakataa.

Mwanzoni alimlea vibaya. Kwetu mtoto mchanga hupakwa mawese ili ngozi ilainike, naye akampaka paka kila asubuhi. Ngozi ikatoka vipele na kunuka. Ndipo alipogundua kwamba mkeka wa paka huwa na doa la mafuta hata siku asiyompaka. Paka wengine mafuta yao huingia kwenye manyoya; huyu yalimgandia mwilini. Akaacha mawese. Akawa anamfuta kwa kitambaa, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kisha anamkausha upesi. Alimtoa nta nyeusi masikioni na kumpangusa macho, maana hakuwa na kope za kuzuia vumbi. Jua kali likitoka alimfungia ndani, kwa sababu aliungua kama mtu. Alikula kuliko paka wawili, na bado alisikia baridi. Kutwa alilala kando ya mafiga. Moto ukizimika, alitafuta mtu wa kumlalia.

Mtaa mzima ulijua tabia hiyo. Asubuhi wanawake walikuja jikoni kwa Sikujua kuomba moto, kila mmoja na kigae chake, wakimruka paka ili wayafikie makaa.

Mwisho wa Aprili 1972 waasi wa Kihutu waliingia Rumonge wakaua watu kwa mapanga. Kisha jeshi likaja, na likaanza kuwachukua Wahutu, kwanza wale waliosoma. Waliopandishwa kwenye malori hawakurudi. Casimir, mwalimu kijana aliyepanga chumba kwa Sikujua, hakuwa amemdhuru mtu. Sikujua alimficha katika ghala, nyuma ya magunia ya ndagala, akawaambia watu kwamba mpangaji wake amekimbia.

Tangu siku hiyo paka aliyaacha mafiga. Aliingia ghalani akajilaza juu ya kifua cha Casimir. Akifukuzwa, alirudi. Mlango ukifungwa, alikaa nje yake akakwaruza mbao na kulia kwa sauti ya mtoto.

Asubuhi moja Zena, mke wa Idi, alikuja na kigae chake. Akatazama mafiga.

"Da Sikujua, Mzungu iko wapi? Amehama?"

"Anawinda panya."

"Huyu? Panya akimwona si atacheka!" Zena akachota makaa. Alipofika mlangoni aligeuka, na sasa hakuwa na mzaha. "Moto wako unawaka vizuri, dada. Yeye amepata joto gani linaloshinda hili?"

Sikujua aliinama akasukuma kuni. Hakujua kama ameonywa au ametishwa.

Alipompelekea Casimir chakula, alimsimulia. Casimir alikuwa na paka mapajani.

"Mama, wakija watamfuata huyu tu."

"Najua, mwanangu."

"Mupeleke mbali."

Lakini barabara ya Minago, kwa dada yake, ilikuwa na vizuizi vya askari, na nyumba yoyote ya jirani paka angeitoroka na kurudi. Alikwenda kwa Cirhuza, mvuvi kutoka Kivu, ng'ambo ya ziwa, aliyekuwa amekubali kumvusha Casimir ziwa likitulia. Akamwomba ambebe na paka.

Cirhuza alitikisa kichwa. "Mama, hana manyoya. Upepo ukimpiga atalia njia yote, nasi tutapigwa risasi sote. Ziwa halijatulia. Ungoje."

Lakini askari walikuwa wameshaanza kupekua mtaa wa jirani.

Sikujua akarudi nyumbani. Alimfuta paka kwa maji ya vuguvugu, masikio na macho, akamlisha ndagala hadi akashiba. Akamfunga ndani ya kanga yake pamoja na jiwe la kusagia. Alishuka ufukoni mchana, mbele ya wanawake waliokuwa wakifua, akaingia majini mpaka kifuani, akaachia.

"Hatimaye amerudi kwao!" Idi alipaza sauti kutoka barabarani. Hakuna aliyecheka.

Askari walikuja siku iliyofuata. Walipindua kitanda, wakachoma gunia la mbele kwa kisu cha bunduki, ndagala wakamwagika. Wakatoka.

"Sisikii paka," Casimir alinong'ona baadaye. "Yuko wapi?"

"Kwa dada yangu."

"Vizuri. Huku baridi, lakini vizuri."

Ziwa lilipotulia Cirhuza akamvusha. Mvuvi huyo hakuonekana kwa muda mrefu, na Sikujua aliacha kula vizuri. Kiangazi kilikuwa kimeshika alipomkuta akishusha nyavu.

"Alifika," Cirhuza alisema bila kumtazama. "Analimia watu muhogo. Anakohoa, lakini yuko hai."

"Alhamdulillahi."

"Kila tukikutana anauliza habari za paka. Nimwambie nini, mama?"

Sikujua alishika pindo la wavu, akaanza kuchomoa majani yaliyonasa.

"Mwambie hajambo."