Kibuyu Kilipomfikia Remigius

Tangu amalize dawa za kifua kikuu, Remigius wa Ganako hatoki nyumbani bila kikombe chake cha bati mfukoni. Nesi alimwambia wazi, mbele ya mkewe, kwamba amepona na haambukizi mtu. Lakini nesi haishi Ganako. Hakuona watu wakihama benchi kanisani, wala jirani akimwaga maji aliyoyabakiza Remigius.

Basi akawa mtu wa kushuku. Akisalimiwa kwa mbali, mbona mbali? Akisalimiwa kwa karibu, huyu katumwa na nani kuja kumchungulia? Usingizi ukampaa, chakula kikawa hakipiti kooni, koti likampwaya. Watu walipoona anavyokonda wakanong'ona kuwa ugonjwa umerudi. Walikuwa wanamkondesha wao wenyewe, na bado wanamshangaa.

Siku ya kupura maharage kwa mama mmoja jirani aitwaye Bibiana, Remigius alibembelezwa na mkewe, Angela, mpaka akaenda. Kazi ilipoisha, kibuyu cha pombe kikaanza kuzunguka, mkono kwa mkono, kama ilivyo desturi. Remigius alijua kitamruka. Mwaka jana kilimruka, na hilo halijamtoka moyoni.

Hakikumruka. Tluway, waliyepakana naye shamba, alikunywa, akafuta mdomo, akamnyooshea.

"Pokea, Baba Noel. Leo umefanya kazi kutushinda."

Mbona leo? Mbona Bibiana kasimama mlangoni anatazama? Wamepanga hawa. Wanamjaribu, kesho wapate la kusema. Akatia mkono mfukoni, akatoa kikombe.

"Nimiminie humu."

Tluway akammiminia taratibu.

"Kwani hospitali hawakusema umepona?"

"Walisema."

"Sasa?"

Remigius akainamia kikombe chake, akanywa. Tluway akampa kibuyu mtu mwingine, kisha akajisogeza mbali naye kidogo kwenye gogo walilokalia. Wengine wakainamisha macho.

Njiani kurudi, Remigius alikuwa bado anafoka. "Walipanga, Mama Noel. Niliwaona."

"Walipanga, ndiyo," Angela akasema. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Niliwaomba mimi. Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Tluway aliniahidi angekunywa kabla yako, na ukishakunywa wewe angekipokea tena anywe, kila mtu amwone."

Wakatembea. Kikombe kiligongagonga funguo mfukoni mwa koti.

"Sasa nikamwombe nani tena," Angela akasema, "wakati wewe mwenyewe umewaambia ungali mgonjwa?"