Zimwi la Mjomba Charo

Enzi zetu kule Gongoni mtoto hakuwa na simu ya kuchezea. Sisi tulikuwa na Zimwi. Msishtuke, lilikuwa lori. Mjomba Charo, kaka yake mama, alilinunua bovu, akalivalisha magurudumu ya trekta, likawa refu hata yeye mwenyewe hupanda kwa ngazi. Likinguruma, kuku wa mtaa mzima huingia mvunguni. Mie shule niliishia la pili, na mwalimu wangu alikuwa mkali, huyo nikimwanza hatumalizi leo. Turudi kwa lori.

Kazi yake ilikuwa kutoa chumvi mashambani, kule maji ya bahari hukaushwa juani, hadi barabara kuu. Mvua ikinyesha, njia ile huwa uji mtupu, malori ya watu yanalala. Zimwi linapita. Vibarua waliandika kwa makaa, mlangoni mwa ghala, magunia ya safari moja: Zimwi themanini. Halafu tisini. Hakuna lori lililolifikia.

"Hilo halibebi, linameza!" walisema, nasi tunalikimbiza nyuma tukishangilia.

Sasa, chumvi hula chuma. Kila jioni Zimwi lazima lioshwe tumbo, na kazi hiyo nilipewa mie, kwa kuwa nilienea chini yake. Ujira wangu ulikuwa kukaa mbele na Mjomba kila Ijumaa, nikiwapungia wenzangu mkono kama bibi harusi.

"Maji matamu ya kisimani, mwanangu," alikuwa akinambia. "Ya mferejini usiyaguse."

Kisima kilikuwa mbali, tena foleni ndefu. Mfereji wa kuingiza maji ya bahari mashambani ulikuwa hapo hapo. Nitasema kweli, nimeshazeeka, nani atanichapa? Nilichota mferejini. Msimu mzima. Lori liling'aa, nani angejua?

Masika yakaja, Mjomba akataka mia. Watu wakajaa kandoni, wengine wameacha sufuria motoni. Zimwi likaingia topeni likitoa moshi, likafika katikati, kisha tukasikia mlio kama mnazi ukikatika. Ule mti wa chuma unaobeba lori zima ulivunjika. Zimwi likakaa kitako, pua juu.

"Charo!" dereva mmoja akapiga kelele. "Leo umelinywesha nini?"

Watu wakacheka. Mjomba akaingia chini, akatoka na kipande cha kutu. Akakiramba. Akaniangalia.

"Nimelizidishia mzigo," akawaambia watu kwa sauti. "Tamaa yangu mwenyewe."

Kisha kwangu, polepole: "Nenda nyumbani. Mamako atakutafuta."

Zimwi halikusimama tena. Likauzwa vyuma chakavu, naye Mjomba akashika koleo, kibarua wa kukusanya chumvi kama wengine. Siri ile hakumpa mtu, hata mama.

Watoto wa siku hizi wanakukanyaga mguu, "sori," basi, yamekwisha, na macho hayajatoka kwenye simu. Sisi neno lile lilitukwama kooni. Mie nilimpelekea Mjomba muhogo wa nazi mashambani kila adhuhuri, miaka na miaka, mpaka nikaolewa. Hakuniuliza kwa nini. Alikuwa akichagua kipande kikubwa, ananirudishia. "Kula, mwanangu." Nami nakula. Sijaonja tena muhogo mtamu kama ule, wala uliokuwa mgumu kumeza kama ule.