Dobi na Mti Unaozaa Mwilini

Jua halijavuka ukuta, na tayari ua wa Mama Pasi umegawanyika kazi mbili. Upande mmoja mashuka ya nyumba ya wageni yanachuruzika kwenye kamba. Upande wa pili mama mwenyewe amepiga magoti mbele ya mti, shavu linakaribia kugusa shina, anabonyeza tunda moja baada ya jingine kwa ncha ya kidole kama anayempima mtoto homa.

"Hili bado," anasema. "Hili nalo bado. Ah! Hili hapa tayari. Likiiva, ukilibonyeza linakuitikia."

Analichuma. Ni tunda jeusi, duara kama gololi kubwa. Halikuning'inia tawini wala kujificha majanini. Limeota kwenye gamba lenyewe la mti, limebanana na wenzake kuanzia karibu na ardhi hadi kwenye panda, utadhani mti umetokwa na vipele. Analiuma kidogo, ganda linapasuka, ananyonya nyama yake nyeupe na kulitupa ganda kwenye beseni.

"Tamu kama zabibu," anasema huku akifuta kidevu kwa kanga, "ila zabibu haina hiki kiukali kinachokuja nyuma, kama mtu aliyesahau kukwambia jambo akarudi mlangoni."

Nje ya geti la mabati watu wameanza kujikusanya na bakuli zao. Wengine wamekuja na watoto, mmoja amemleta bosi wake. Leo ni Jumamosi ya kuchuma, na hakuna anayetaka kukuta shina tupu.

Mti huo unaitwa jabotikaba. Asili yake ni Brazili, na Mama Pasi anayo minne, yote imetoka katika mbegu alizozipanda kwa mkono wake. Yeye ni dobi. Anafua na kupiga pasi tangu ujana wake, na hilo jina la Mama Pasi limemganda kiasi kwamba hata mumewe, fundi baiskeli, humwita hivyo anapotaka kumbembeleza.

Mbegu zilimfikia kwa njia ya mfuko wa suruali.

"Dobi akiwa hana adabu, mfuko wa mteja ni shamba lake," anasema. "Mimi nimefundishwa: unapekua kabla ya kuloweka, na unachokikuta unakirudisha."

Siku hiyo alikuta pete ya ndoa. Mwenye suruali alikuwa mtaalamu wa udongo aliyefikia nyumba ya wageni, na alikuwa ameshapindua chumba kizima akiitafuta. Mama Pasi alipomkabidhi, yule bwana alikaa kitandani akacheka hadi machozi. Hakujua ampe nini. Mezani palikuwa na mfuko wa karatasi wenye matunda meusi aliyopewa na rafiki yake mwenye bustani. Akamsukumia mfuko mzima.

"Akaniambia nile siku hiyo hiyo, yasingoje. Na kama nina subira, nipande mbegu kabla hazijakauka. Akasema, 'Lakini mama, huu mti una maringo. Unataka maji mengi na udongo wenye uchachu kidogo, na utakusubirisha.' Nikamwambia, bwana, mimi nimeolewa, kusubiri nakujua."

Alipanda mbegu kwenye makopo ya maziwa. Zilipoota akahamishia miche uani, kando ya ukuta. Kisha akafanya kile ambacho dobi yeyote angefanya: akaimwagilia maji ya suuza, maana hayo hayakosekani kwake.

Haukupita muda majani yakaanza kuwa manjano, mishipa tu ndiyo iliyobaki kijani. Akazidisha maji. Manjano nayo yakazidi. Mumewe alisimama mlangoni, spana mkononi, akamtazama.

"Mama Pasi," akamwambia, "nguo zimekuishia hata sasa unafua miti?"

Alicheka, lakini usemi ule ulimkaa. Akaiangalia tena miche yake. Mmoja tu ulikuwa umenawiri, ule ulioota chini ya bati lililotoboka, unaonyeshewa na mvua kila inaponyesha. Ndipo alipoelewa kwamba sabuni iliyokuwa ikimlisha yeye ilikuwa ikiitesa miti yake. Mumewe akafunga mfereji wa bati kutoka paani hadi kwenye pipa. Kwa seremala wa jirani akaomba maranda na majani makavu ya kutandaza chini ya miche. Rangi ya kijani ikarudi, taratibu, kama mgonjwa anayeanza kuomba uji.

Kisha ikaja ile sehemu ambayo yule mtaalamu alimwonya. Kusubiri.

Jirani yake, mwanamke anayeuza mkaa, alipanda mipapai wiki moja na yeye. Mipapai ikakua, ikazaa, ikazeeka, ikakatwa, ikapandwa mingine. Jabotikaba ilikuwa haijafika kiunoni.

"Nilikuwa namchungulia juu ya ukuta," anasimulia muuza mkaa, ambaye leo yumo kwenye foleni na bakuli lake. "Namuuliza, 'Shoga, huyo mtoto wako bado hajatambaa?' Ananijibu, 'Anajifunza kusimama, mpe nafasi.' Mwaka baada ya mwaka! Nikasema huyu kapewa mbegu za ua, anadhani za matunda."

Hata nyumbani maneno hayakukosekana. Mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima humwita Bi Mkubwa, aliona mahali pale pangefaa mchicha. "Mchicha unakula baada ya wiki chache," alikuwa akisema, akiielekezea miti kidole. "Hii inatula sisi."

Mama Pasi hakubishana naye. Ila kila asubuhi kabla ya kuwasha pasi alipitisha kopo la maji ya mvua kwa kila mti. Ilikuwa imeshapita miaka tisa, na miti ilikuwa na kimo cha kumzidi yeye mwenyewe, lakini hata ua moja haikuwahi kumpa.

Mwaka wa kumi binti yake alijifungua mtoto wa kwanza. Mama Pasi akafunga virago akaenda kumlea mzazi. Ua akauacha mikononi mwa mumewe na Bi Mkubwa.

Alikuwa ugenini miti ilipoamua.

Maua ya jabotikaba hayafanani na maua mtu aliyoyazoea. Hutoka kwenye gamba, meupe, madogo, yamejaa nyuzinyuzi, yakalifunika shina lote. Bi Mkubwa aliamka asubuhi moja akakuta miti ya mkwewe imevaa kitu kama ukungu wa mkate. Akashtuka. Akajua ni ugonjwa, na akajua pia kwamba mkwewe akirudi akakuta miti imekufa, lawama ni zake, maana mdomo wake kuhusu mchicha ulikuwa unajulikana.

Basi mama wa watu akachukua ndoo ya maji ya sabuni, akachukua brashi ya kusugulia kola, akaingia kazini. Alisugua shina hadi shina. Alipanda juu ya kigoda kufikia panda. Alisugua hadi mabega yakamuuma.

Mama Pasi aliporudi alimkuta getini anamngoja, amenyooka kwa fahari.

"Mwanangu, miti yako ilivamiwa na ukungu! Nimekutibia yote. Nenda kaangalie, inang'aa."

Akaenda kuangalia. Chini ya miti, juu ya maranda, kulikuwa na zulia la nyuzi nyeupe zilizoanza kuwa kahawia. Aliinama akaokota pamba moja ya ua, akaiweka kiganjani. Alikuwa hajawahi kuliona, lakini alilijua.

"Sikulia pale," anasema. "Ningelia mbele ya mama, angeuliza. Nilisema, 'Ahsante, mama, pole na kazi.' Nikaingia ndani nikawasha pasi."

Mchana ule aliunguza shati la mteja. Katika maisha yake yote ya udobi, hilo ndilo shati pekee alilowahi kuliunguza. Mumewe alinusa harufu akiwa barazani, akaja mbio, akamkuta ameshika pasi hewani, machozi yanadondokea ubao. Akamweleza. Mumewe akatoka kwenda kumwambia mama yake, kwa sababu, anavyosema mwenyewe, "kuna habari mke hapaswi kuzibeba kwa mama mkwe."

Bi Mkubwa hakula chakula cha jioni. Kesho yake hakutoka chumbani. Keshokutwa, Mama Pasi alipoamka kwenda kumwagilia, alimkuta mama mkwe wake ameshafika, na birika la chai limejaa maji ya mvua, maana mabega bado yalimuuma, ndoo hakuiweza. Alikuwa anamimina kidogo kidogo kwenye shina.

"Alisema, 'Usiniambie kitu. Nionyeshe tu unamwaga kiasi gani.'"

Wakamwagilia pamoja. Asubuhi ile, na zilizofuata. Mama Pasi anakiri kwamba mwanzoni moyo ulikuwa bado mzito, na kuna siku alitamani afanye kazi ile peke yake. Lakini watu wawili wakichota maji kwenye pipa moja, lazima wasemeshane. Wakaanza kwa kuulizana hali. Wakafika kwenye hadithi ambazo Bi Mkubwa hakuwahi kumsimulia hata mwanawe.

Brashi ilikuwa imeondoa maua, lakini gamba lilikuwa zima. Mvua zilipokolea, muuza mkaa akiwa anaanika nguo zake alisikia kelele upande wa pili wa ukuta akadhani kuna moto. Alikuwa Bi Mkubwa.

"Ukungu! Ukungu umerudi! Alhamdulillahi, ukungu umerudi!"

Safari hii alilinda. Alitoa kiti chake akakiweka katikati ya miti, fimbo magotini. Kuku wa jirani alikipata cha moto. Mteja aliyefuata mashuka yake aliambiwa azungukie mbali. Nyuki peke yao ndio walioruhusiwa, na hao aliwaamkia. Maua yakaacha vidoti vya kijani, vidoti vikanenepa, vikawa vyekundu, kisha zambarau, kisha vyeusi tii. Kabla mwezi haujaisha mashina yalikuwa hayaonekani.

Mama Pasi alichuma la kwanza. Hakulila. Alilipeleka kwenye kile kiti.

Bi Mkubwa aliliuma, akanyonya, akafumba macho.

"Sasa hiki ndicho nilichokisugua?"

"Ndicho, mama."

"Basi nipe kingine, nikiombe radhi."

Waliomba radhi asubuhi nzima. Muuza mkaa akapenya getini bila kukaribishwa, akala moja, akaenda kuwaita wanawe.

Furaha ile ilikutana na soko. Muuza matunda mmoja alichukua ndoo mbili kwa mbwembwe, akaahidi kurudi kuchukua zaidi. Alirudi siku ya tatu, ndoo zimejaa vilevile, kaziba pua. "Mama," alisema, "matunda yako yamelewa." Na kweli, jabotikaba ikishachumwa haina muda. Siku chache tu inaanza kuchacha, na ndoo zile zilinuka kama kilabu cha pombe.

Wengine wangekata tamaa. Mama Pasi alipika jemu kwa yale ya kuokoa, akaenda kukaa chini ya kamba zake za nguo akawaza. "Nikajiambia, miaka kumi mti huu umenifundisha kitu kimoja: hauburuzwi. Kama tunda haliwezi kuwafuata watu, watu walifuate tunda."

Alianza na msimamizi wa nyumba ya wageni, mteja wake wa siku zote. Akamwalika aje na wageni wake wale shinani, walipie getini. Walikuja wanne. Jumamosi iliyofuata walikuja na wenzao. Sasa matunda yakiiva, mtaa unajua kwa kusikia geti tu. Masharti ni machache: bonyeza kwanza, usitikise mti, na mwenye haraka aende kula karanga. Anasema msimu mmoja mzuri wa mavuno humpa zaidi ya miezi mitatu ya kufua, na kwa maji ya pipa na mbolea, miti humpa mavuno zaidi ya mara moja kwa mwaka.

Kwa pato hilo amenunua mashine yake ya kwanza ya kufulia, na binti yake amerudi shule ya ualimu aliyokuwa ameiacha.

Geti linafunguliwa. Watu wanamiminika, kisha mara moja wanatulia, kila mmoja amepiga magoti mbele ya shina kama aliyekuja kuulizia habari. Kelele zinazobaki ni za maganda yakipasuka. Yule muuza matunda naye yumo, na wanawe watatu.

"Leo nimeyafuata kwake," anasema mdomo umejaa, "kabla hayajaenda kilabuni."

Muuza mkaa ameng'oa mipapai yake yote. Mahali pake pana miche mitatu ya jabotikaba, haijafika gotini, na kila asubuhi Mama Pasi humchungulia juu ya ukuta kumuuliza kama mtoto ameshatambaa.

Nyuma ya ua kuna kiwanja kilichokaa miaka mingi na vyuma chakavu. Mwezi uliopita mwenyewe alikubali kumpangisha Mama Pasi kwa muda mrefu. Mumewe ameshaanza kuondoa vyuma, akibagua vinavyofaa baiskeli. Miche thelathini inangoja kwenye makopo. Mama Pasi anataka pawe bustani ya jabotikaba, yenye mabenchi na pipa la mvua kila pembe, mahali ambapo mtu yeyote atakuja kula shinani bila kusukumana na mashuka.

"Itazaa baada ya miaka minane, labda kumi," anasema. "Safari hii sina wasiwasi. Nangoja nikiwa nimeshiba."

Bi Mkubwa, aliyevuka miaka themanini, amesikiliza mazungumzo haya yote bila kuchangia. Sasa anainuka kwenye kiti chake, anapita katikati ya wateja hadi kwenye makopo, anachagua mche mmoja na kuukumbatia kifuani.

"Huu ni wangu," anasema. "Upandeni karibu na njia, nisije nikatembea mbali siku ya kuuvuna."