Fundi Aliyewapima Wagombea

Habari ya kifo cha fundi wangu wa nguo ilinifikia nikiwa nimevaa suruali aliyoishona yeye. Nilikuwa nimesimama kituo cha basi cha Castle Vale. Katika lile kundi letu la simu, ambamo Watanzania, Wakenya na Wakongo wa Birmingham tunabishana kuhusu mpira na namna sahihi ya kupika pilau, mtu alikuwa ameandika kwamba mzee ametutoka alfajiri na maziko ni kesho baada ya sala ya adhuhuri. Nilitazama chini. Mguu wa kushoto wa suruali ile ni mrefu kuliko wa kulia kwa upana wa kidole, na mishono ya upindo inakwenda upande kama njia ya sisimizi. Ndiyo suruali ya mwisho aliyoimaliza kwa mkono wake mwenyewe. Basi lilikuja, likaondoka, nami sikupanda. Tangu siku hiyo sijatulia. Safu hii nimeianza mara nne, na mara tatu nilijikuta naandika juu ya hali ya hewa.

Alikuwa Mzanzibari, na duka lake lilikuwa Sparkhill, kwenye Stratford Road, limebanwa kati ya bucha na duka la vitambaa vya harusi. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba mimi ni mtu wa digrii mbili na kazi nusu, na yeye alilitambua hilo siku ya kwanza, akaniita Profesa, na hakuniita jina jingine mpaka mwisho. Siku hiyo nilimtajia kiuno changu. Nilisema thelathini na nne, kwa sauti ya mtu asiye na shaka. Hakubisha. Alichukua futi yake ya kupimia shingoni, akasema, "Simama nikupime." Nikavuta tumbo ndani. Akapima, akaandika namba kwenye kidaftari bila kunionyesha, na pembeni akachora mistari miwili midogo iliyokatana. Nikauliza ni nini. Akasema ni alama ya kupima tena kabla ya mkasi, kwa sababu mteja hajasimama kama anavyosimama nyumbani kwake. "Kiuno hakisomi gazeti, Profesa," aliniambia. "Hakijui kwamba wewe ni msomi." Kwa miaka yote ya urafiki wetu huo ndio uliokuwa utaratibu wake: hakuamini alichosema mteja juu ya mwili wake mwenyewe, na hakumwaibisha kwa hilo. Alipima, na palipokuwa na wasiwasi alipima tena.

Miaka michache iliyopita mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Mwanzoni alisema ni baridi. Baadaye akasema ni chai nyingi. Daktari akasema ni Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka unaotokana na seli fulani za ubongo kufa kidogo kidogo. Kwa fundi cherehani sina haja ya kueleza maana yake. Wakati huohuo kulikuwa na jambo jingine, ambalo mimi nilikuja kulijua baadaye, aliponiomba msaada, lakini afadhali msomaji alijue sasa. Binti yake na mkwewe walipata mtoto kwa msaada wa kliniki ya uzazi, na baada ya mtoto yule kuzaliwa vilibaki viinitete vitatu, yaani mimba za siku chache zilizotungwa maabara, vimegandishwa. Kliniki iliwaandikia: wanataka vifanywe nini? Viendelee kuhifadhiwa, wapewe watu wengine wasiopata mtoto, viachwe vife, au vitolewe kwa watafiti, ambao huchukua ndani yake seli shina, yaani zile seli changa zinazoweza kukua zikawa seli za aina nyingine, hata za ubongo? Binti alimuuliza baba yake. Alimwambia yeye na mumewe watafanya atakavyosema.

Hapo ndipo mzee alipokwama. Alikwenda kwa sheikh, na sheikh akamweleza kwamba wanazuoni wengi wanahesabu siku mia na ishirini kabla ya roho kupulizwa, ingawa hilo halikifanyi kiinitete kuwa kitu cha kutupwa ovyo. Alishukuru, akarudi dukani na wasiwasi uleule. Haikuwa elimu aliyoikosa. Aliogopa mkono wake. Akisema vitolewe kwa utafiti, atajuaje kwamba hakusema hivyo kwa ajili ya tiba yake mwenyewe? Na mjukuu aliyekuwa akikimbia kati ya meza na cherehani alitoka katika fungu lilelile. Hakuna daktari aliyemuahidi chochote, na alijua tiba ikija itakuja kwa wengine. Hata hivyo matumaini hayasikilizi hesabu, naye alijihesabu kuwa mtu mwenye maslahi. Alitaka kusikia kutoka kwa mtu asiyetetemeka.

Bahati, au balaa, ni kwamba ulikuwa msimu wa kampeni za ubunge. Fundi alitandika karatasi ya kaki, ile ya kukatia mitindo, akaniomba nimchoree mistari kwa chaki kwa sababu yake ilikuwa inapinda. Juu tukaweka wagombea watatu, pembeni maswali matatu. La kwanza: viinitete vilivyobaki vitumike kwa utafiti au visitumike? La pili: mpaka siku ya ngapi tangu kutungwa, kwa kuwa sheria ya hapa inasema kumi na nne na wapo wanaotaka ziongezwe? La tatu: na kingekuwa cha nyumbani kwako? Upande wa kulia ilibaki safu nzima tupu. Nikadhani amekosea kupima upana wa karatasi, nikamhurumia kimoyomoyo. Mteja mmoja Mkenya aliyekuja kuchukua koti alisoma karatasi tuliyokuwa tumeibandika ukutani, akatikisa kichwa. "Mzee, hawa si uwaulize tu taka zitabebwa lini?" Fundi akamjibu kwamba taka kila mtu anaziona, hazihitaji kuulizwa.

Kiingereza chake kilitosha kwa mikono, kola na upindo. Kwa jambo hili alihitaji mkalimani, na hakutaka awe binti yake, asije akajua kwamba baba anahangaika kwa ajili yake. Nikawa mimi. Mgombea wa kwanza alikuwa kijana aliyekuja dukani kuomba kura na wapiga picha wawili, akaomba kupigwa picha na cherehani. Nilipomfasiria swali la kwanza alizungumza muda mrefu, kwa ufasaha, juu ya heshima aliyonayo kwa pande zote. Nikamwambia fundi: anasema chama chake hakina msimamo, hili ni jambo ambalo kila mbunge hupiga kura kwa dhamiri yake.

"Dhamiri ya nani?"

"Yake."

"Basi ndiyo ninayoiuliza."

Nimesoma sayansi ya siasa kwa miaka mitano na sikumbuki kusikia swali zuri kuliko hilo. Magazeti hutupangia misimamo ya vyama juu ya kodi, hospitali na shule, na pale chama kinaposema mbunge ajiamulie mwenyewe, jedwali linaachwa wazi kana kwamba hakuna cha kujua. Fundi aliona kinyume chake. Palipo na amri ya chama unaweza kumchagua mtu kwa rangi ya kipeperushi. Pale palipoachiwa dhamiri ndipo huna budi kumjua mtu mwenyewe. Kijana aliahidi kuandika barua pepe. Fundi akaandika: Bado.

Wa pili alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mwavuli, peke yake. Alisema hapana. Kwake uhai unaanza siku ya kwanza, angepinga siku kuongezwa, na kama angepata nafasi angezipunguza ziwe sifuri. Aliutazama mkono wa mzee ukigonga meza, na hakubadilisha jibu. Mimi nilikuwa nimekwisha kumchukia. Fundi alimpa chai. Alipoondoka nikaanza kumkejeli, fundi akanikata: "Huyu kasimama wima. Wewe ulivuta tumbo." Wa tatu, mwanasiasa mzoefu, alisema ndiyo. Vitumike? Ndiyo. Siku ziongezwe? Ndiyo. Na zibaki kumi na nne? Ndiyo pia, hilo analiunga mkono kwa nguvu zote.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Swali la tatu, la nyumbani kwako, mimi sikulifasiri. Niliona ni ukosefu wa adabu kumuuliza mgeni mambo ya chumbani kwake, tena mbele ya watu. Hivyo kwa wote watatu nililigeuza kuwa swali kuhusu ushauri ambao wangezipa familia. Wote wakatoa majibu mazuri yasiyo na mwili, nami nikayarudisha kwa Kiswahili kizuri kisicho na mwili. Mgombea wa tatu alipokuwa anamalizia, binti aliingia na mtoto. Alisikia Kiingereza changu na alisikia Kiswahili cha baba yake. Mgeni alipotoka alimweleza mzee, kwa upole, kwamba anko hakuuliza alichoambiwa aulize. Swali lenyewe aliliona ukutani, akaelewa kila kitu, akamshika mtoto mkono na kwenda kusimama mlangoni, akitugeuzia mgongo.

Mzee hakupandisha sauti. Aliufuta mstari wote wa tatu kwa kiganja kinachotetemeka, ikabaki doa jeupe. "Nimewapima watu watatu kwa futi yako, si yangu," alisema. Kisha akanigeukia. "Na wewe, Profesa? Mkono wako umetulia, huombi kura. Kingekuwa cha nyumbani kwako?"

Wasomaji, mtu huyu alikuwa ameniuliza swali moja tu juu yangu mwenyewe katika miaka yote. Nilikuwa na maoni, nayo nilikuwa nimekwisha kuyatoa kwenye meza za chakula, kwa watu wasioyahitaji. Lakini mlangoni alisimama yule ambaye jambo lilikuwa lake, na ndiyo yangu ingekuwa na uzito. Nikasema inategemea. Nikaongeza kwamba ni suala tata, lenye pande nyingi. Nilikuwa yule kijana wa wapiga picha, tofauti ni kwamba mimi sikuahidi barua pepe. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu kwenye karatasi yake, nami nikachukua suruali yangu na kuondoka. Baada ya hapo nilipita Stratford Road mara nyingi, nikiwa nimekaa dirisha la upande wa pili wa basi.

Baada ya maziko nilikwenda nyumbani kwao, Saltley, kutoa pole. Binti aliniletea karatasi ya kaki, imeviringishwa. Nilidhani ananipa ukumbusho. Aliitandaza juu ya meza, na ile safu ya kulia, niliyodhani ni kosa la mzee mgonjwa, ilikuwa na kichwa kwa herufi zinazoyumba: Profesa. Alinipangia nafasi tangu siku ya kwanza. Kwenye swali la tatu ilikuwa imeandikwa Inategemea, na pembeni yake mistari miwili midogo iliyokatana.

Binti alizungumza Kiingereza, kama wafanyavyo waliozaliwa huku, nami naweka kwa Kiswahili. Alisema baba yake alikataa kuwashauri mpaka mwisho. Kila alipomuuliza alimwambia asubiri, kuna mtu mmoja hajasimama sawa, atarudi kupimwa. Waliomba kliniki muda, wakapewa, na sasa ulikuwa unakwisha. "Hukurudi, Anko," alisema. Hakulia. Ningependelea alie.

Kwa hiyo nikasimama. Sijui kwa nini, lakini nilisimama. Nilimwambia vingekuwa vya nyumbani kwangu ningewapa watafiti, kwa hizo siku kumi na nne na si zaidi. Nilimwambia ningesikitika, na nisingejidai kwamba nimetoa kitu kisicho na thamani, kwa sababu yule mtoto anayechora kwenye bahasha za rambirambi alikuwa hivyo siku moja. Nikasema kwamba yule mama mwenye mwavuli huenda ndiye mwenye haki, na hata hivyo jibu langu ni ndiyo. Alinitazama kama baba yake alivyokuwa akitazama bega la koti. Akauliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza. Akachukua kalamu, akaandika katika kisanduku changu, akaviringisha karatasi.

Wiki iliyofuata alinitumia ujumbe mfupi: wamejaza fomu, wameipeleka, na nikitaka kuandika juu ya baba niandike, ila nisitaje majina. Walichojaza hakusema. Sikuuliza, na kutojua huko kunaniwasha kila siku, lakini nadhani ni sawa kuniwashe. Fomu ilikuwa yao. Langu lilikuwa kujibu nilipoulizwa, wakati aliyeuliza bado yuko hai na analihitaji jibu, na mimi nililileta siku ya matanga.

Jana mgombea wa udiwani aligonga mlango wangu, mtu mwema aliyelowa mvua, ambaye kazi yake akishinda itakuwa mapipa ya taka. Nilimkaribisha kibarazani. Nilimweleza kwanza ninachokiamini mimi kuhusu viinitete na seli shina, bila kupunguza wala kupamba, kisha nikamuuliza: na kingekuwa cha nyumbani kwako? Alitazama vipeperushi vyake, akasema inategemea. Nikamwambia sina haraka, asimame vizuri, nitamuuliza tena.